Reli ya Kwenda kwa Mama Mkwe

Kosa la Runji lilikuwa moja, tena dogo, na ukilisimulia Nairobi watakuuliza kosa lenyewe liko wapi. Alinyoosha mkono.

Siku hiyo mama mkwe wake aliletwa Embu kutoka Timau kwa gari la kukodi, mguu wa kulia umefungwa plasta kutoka vidoleni hadi juu ya goti. Alikuwa ameteleza kwenye mtaro kando ya shamba la ngano, kule kwenye baridi ambako hata ng'ombe wanatamani koti, na mfupa wa muundi ukavunjika mara mbili. Daktari akasema wiki sita bila kukanyaga chini. Nelius, mke wa Runji, akasema hizo wiki sita mama atazikalia kwangu, mtaa wa Majimbo, na hapo sijadiliani na mtu. Basi gari likasimama getini, mlango ukafunguliwa, yule mama akawa anahangaika na magongo yake, na Runji, mtu wa watu, asiyejua kusimama tu akiangalia, akajisahau. Akanyoosha mkono amshike ashuke.

Wewe usiyejua, elewa. Kwa Wameru kuna kitu kinaitwa nthoni. Waembu husema thoni, wamepunguza herufi lakini uzito ni ule ule. Ni heshima na haya zilizopikwa chungu kimoja, na panapowaka zaidi ni kati ya mwanamume na mama wa mkewe. Hamshikani mikono. Hamli mkitazamana. Jina lake hulitaji, na kitanda chake hukioni hata kwa bahati mbaya. Vijana wa siku hizi wameshaitupa, wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao na kuziweka kwenye simu. Lakini mama huyu, Gladys kwa jina la ubatizo, Mama Mutugi kwa kila mtu mwenye adabu, hiyo habari ya vijana ilikuwa haijamfikia.

Aliutazama ule mkono. Halafu akageuza uso akautazama mpera uliokuwa kando ya geti.

"Nelius," akauambia mpera, "huyu dereva asiondoke. Muulize anarudi Timau saa ngapi."

Nelius alimbembeleza mama yake kwa Kimeru, kwa Kiswahili, na mwishowe kwa machozi, ambayo hayana lugha. Mama Mutugi akakubali kushuka. Akapelekwa kwenye chumba cha nje, mwisho wa bustani, chumba kimoja chenye choo chake ndani, ambacho zamani walikuwa wakimpangishia mwalimu. Akasema atakaa siku chache, aone. Kila mtu alijua maana ya "nione". Ni kama mtu aliyekaa kwenye ukingo wa kiti.

Na kurudi Timau kabla ya wakati haikuwa jambo la mchezo. Daktari alikuwa ametamka wazi: mfupa ukiunga vibaya tutauvunja tena, na kwa umri wake siwaahidi atatembea. Kule kwake Mama Mutugi ana ng'ombe wawili, viazi na kuku. Kumwambia asikanyage chini akiwa karibu na ng'ombe wake ni sawa na kumwambia kuku asichakure. Nelius alilala na hofu hiyo na kuamka nayo.

Tatizo lilikuwa mchana. Nelius ni karani wa ofisi moja mjini, anatoka saa moja na nusu asubuhi na kurudi saa kumi na moja. Anayebaki nyumbani ni Runji, kwa sababu Runji ni fundi wa redio, simu na chochote chenye waya, na karakana yake ni kibanda cha mabati kando ya jikoni. Kwa hiyo kuna mgonjwa mwenye dawa za saa saba mchana, dawa kali, lazima zimezwe na chakula cha moto, na kuna mwanamume mzima mwenye mikono miwili mizima, hatua ishirini kutoka kwake, asiyeruhusiwa kuingia.

Walimleta msichana wa kazi. Siku ya kwanza Mama Mutugi alimfundisha kuosha vikombe. Siku ya pili alimfundisha kuosha vikombe. Siku ya tatu msichana akarudi kwao Siakago, vikombe akaviacha kwenye karai.

Nelius akaanza kuacha chakula asubuhi kwenye hotipoti, kando ya kitanda. Kikarudi jioni vile vile. "Mimi sili kilicholala," mama akasema, ingawa kilikuwa kimelala saa sita tu. Na bila chakula, dawa pia hakumeza.

Ndipo Runji akajaribu njia yake. Akapika chai, akachemsha viazi, akaweka sinia mlangoni, akabisha kwa kijiti, akakimbilia jikoni. Kutoka dirishani alisikia magongo yakigonga sakafu, mlango ukalia, halafu kukawa na kishindo, sinia likabingirika. Runji alitoka mbio mpaka nje ya ule mlango na hapo akasimama. Alimsikia mama mkwe wake akihema huko ndani. Hakuweza kuingia, hakuweza kuita jina, hakuweza hata kuuliza "umeumia?" Alibaki na mikono kichwani, na katika maisha yake yote hakuwahi kujiona mtu bure kama siku hiyo. Bahati nzuri mama alikuwa ameangukia kitanda. Lakini jioni Nelius alipotoka kumwona, alirudi macho mekundu.

"Amesema Jumamosi anarudi kwake. Ati hataki kuwa mzigo kwa mtu ambaye hawezi hata kumwangalia."

Runji akaketi, akalikodolea macho dirisha. Alihitaji kitu kinachoweza kuingia mpaka kitandani na kisiwe mtu. Mbwa angekula viazi. Mtoto mdogo hawakuwa naye nyumbani. Nelius, akiwa bado anavuta kamasi, akasimama akafunga pazia, na pazia likateleza juu ya reli yake, kwirrr, kutoka ukuta huu hadi ule.

Reli. Kumbe jina lenyewe lilikuwa likimpigia kelele miaka yote hiyo.

"Nelius," akasema, "nataka kujenga gari la moshi."

Nelius alimwangalia kwa muda mrefu. Wameoana miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo ameona kitoa maji ya moto kilichotoa moshi, na kengele ya geti iliyoshika redio ya Meru. "Jenga," akasema. "Lakini pesa ya nyumba usiguse, na kwenye sukuma wiki zangu usipite."

Sasa hapo ndipo utamjua fundi. Mwenye pesa hununua, asiye nazo huokota, na Runji aliokota siku tatu mfululizo. Hoteli moja mjini ilikuwa ikibadilisha mapazia, ikatupa reli za alumini rundo zima nyuma ya jikoni. Akazibeba begani mpaka Majimbo, watu wakidhani ni fundi wa antena. Kwenye karakana ya mbao akaomba vile vipande vya saiprasi wanavyochoma, akavipanga kuwa mataruma, vile vigogo vinavyolalia chini ya reli. Upana kati ya reli na reli ulikuwa kiganja kimoja na kidole gumba, akakata kijiti cha kipimo hicho na kukivaa shingoni kwa kamba ili asikipoteze. Magurudumu aliyakata kutoka kwenye kipande cha plaiwudi: duara dogo likagundishwa kwenye duara kubwa, dogo likanyage reli, kubwa lilizuie lisitoke nje.

Mota aliitoa kwa Younis, mzaliwa wa Maua, muuza spea kuukuu mjini Embu, mtu ambaye ukitaka boliti moja lazima kwanza unywe naye chai. Younis akatoa mota ya waipa, ile ya kufutia mvua kwenye kioo, ya lori lililokwisha kufa.

"Ya nini?"

"Ya mama mkwe."

Younis akaigeuza ile mota mkononi. "Mama mkwe amewekewa kioo?"

Runji akamweleza. Younis hakucheka, jambo ambalo si la kawaida. Akaingia nyuma ya duka akatoka na betri ya bodaboda, kuukuu lakini yenye roho. "Chukua. Ya mama hatuuzi," akasema. "Utanitengenezea redio siku moja."

Mwili wa gari ukawa mkebe wa mafuta ya kupikia uliopakwa rangi nyekundu. Mabehewa yalikuwa mawili, la mbele la chupa ya chai, la nyuma la hotipoti. Kando ya mkebe akaweka swichi ya kioo cha gari: ukiisukuma mbele gari linashuka kwa mama, ukiisukuma nyuma linapanda jikoni. Juu yake honi ya bodaboda, ili lisimshtue mtu likifika.

Kona ndiyo iliyomtoa jasho. Ili kukwepa sukuma wiki za Nelius reli ililazimika kukunja ghafla, na kila jaribio behewa la nyuma lilijimwaga. Alijaribu na maji, kuku wakanywa. Alijaribu na mchele, kuku wakashukuru. Ikabidi aende kwa mwenye shamba, kofia mkononi.

"Mashina matano tu, mke wangu."

"Mawili."

"Manne, na nakuoshea vyombo mwezi mzima."

"Matatu, na vyombo unaosha," Nelius akasema, akayang'oa mwenyewe.

Siku ya Alhamisi mama alipopelekwa hospitali kuangaliwa plasta, Runji akakata tundu chini ya mlango wa chumba chake, akaning'iniza kipande cha gunia kama pazia. Kisha akakwama. Reli ilitakiwa kuendelea ndani mpaka kando ya kitanda, na kitanda chenyewe hapaswi kukiona. Kwa hiyo ilibidi Nelius aombe ruhusa kazini siku iliyofuata, akapiga magoti sakafuni na sketi yake ya ofisi, akapigilia reli za ndani, huku mama yake akiwa amewekwa kwenye kiti nje upande wa pili wa nyumba, na mumewe ameupa mlango mgongo akipaaza sauti: "Tumia kijiti! Umetumia kijiti?" Zilitoka zimepinda kidogo. Lakini zilitoka.

Ijumaa hiyo hiyo, saa saba kamili, gari likaondoka jikoni na chai, viazi na nyama ya mbuzi. Lilishuka polepole, likainama kwenye kona, likanyooka, likapiga honi, likainua gunia kwa pua yake na kupotelea ndani. Runji akabaki katikati ya bustani, moyo unamdunda.

 Dakika tano. Kumi. Gari halikurudi.

"Wewe gari."

Sauti ilikuwa ya Mama Mutugi, kavu, ikitoka chini ya mlango.

"Wewe gari, umetumwa na nani?"

Runji akafumba mdomo kwa mkono.

"Umefanya vizuri kunyamaza. Gari halina mdomo. Mwambie aliyekutuma, hii chai majani ni machache. Timau sisi chai tunaiona rangi."

Swichi ikalia tak, na gari likapanda, sahani tupu, na karatasi ya dawa tupu juu yake.

Jumamosi ilifika na Mama Mutugi hakuenda popote. Alisema ataona wiki hiyo.

Hivyo ndivyo walivyoanza kuzungumza, watu wawili ambao kwa miaka kumi na tisa hawakuwahi kupeana neno zaidi ya salamu za mbali. Runji angesimama jikoni na kumwambia mkebe mwekundu kwa sauti ya kutosha, "Wewe gari, kamuulize wa huko chini kama usiku alilala." Sauti ilifika kabla ya gari, ni kweli, lakini Mama Mutugi alikuwa na adabu ya kungoja gari liingie ndipo asikie. "Mwambie nimelala. Na mwambie viazi vyake vinapikwa kabla maji hayajachemka, ndiyo maana vinakuwa sabuni." Wakabishana kuhusu viazi. Wakabishana kuhusu mvua. Siku moja gari likapanda na redio ndogo ya mama iliyokuwa bubu tangu mwaka juzi, jioni ikashuka ikiimba. Kesho yake behewa likapanda limejaa minji iliyomenywa, zile njegere za Nelius, safi, moja moja.

"Mwambie sikuja hapa kufugwa," mama akasema.

Runji alikuwa na furaha mpaka ikamwasha. Na furaha ya namna hiyo haikai tumboni, lazima itoke. Ikatokea kwa kinyozi.

"Jumamosi saa nane," akawaambia wote waliokuwa pale, "kujeni kwangu muone mugithi."

Sasa mugithi ni gari la moshi, hakuna asiyejua. Lakini mugithi pia ni ngoma, ile ya gitaa moja ambayo watu hushikana viuno mstari mmoja na kuzunguka ukumbi kama mabehewa. Na ukimwambia mtu wa Embu Jumamosi kuna mugithi kwako, atafikiria maana gani? Hakuna reli Embu. Haijawahi kuwako. Viatu ndivyo vilivyopigwa rangi.

Walikuja watu ishirini na kitu. Jirani yake Kithaka alikuja amevaa kofia ya kauboi, amemleta mpiga gitaa na spika. Wakauliza hema liko wapi. Runji akawaonyesha mkebe wa mafuta. Kikatoka kicheko kilichowarusha kuku ukutani, na Kithaka akasema kwa kuwa tumekuja na gitaa limekuja, ngoma haitarudi nyumbani na njaa. Gitaa likalia. Runji, badala ya kukataa, akasukuma swichi. Gari likashuka, na watu ishirini wakashikana viuno wakalifuata, wakiimba, wakikanyaga sukuma wiki bila kuziona. Nelius alitoka nje akaita. Nani angesikia?

Gari likaingia chini ya gunia. Kithaka, aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari, akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na akainama. Akainua gunia. Akachungulia.

Gitaa likanyamaza lenyewe. Ndani, kitandani, mama wa watu alikuwa amelala bila kitambaa kichwani, mguu juu ya mito, na mtu mwenye kofia ya kauboi anamtazama kutoka sakafuni.

Runji hakukumbuka vizuri alivyowatoa wale watu. Alikumbuka tu aibu, na Kithaka akimwomba msamaha. Kosa halikuwa la Kithaka. Yeye ndiye aliyeujengea umma njia mpaka kwenye kitanda cha mama mkwe wake.

"Amempigia Mutugi," Nelius akasema jioni. Mutugi ni kaka yake mkubwa, yuko Timau. "Anakuja Jumamosi ijayo kumchukua. Mara hii hasemi ataona."

"Zimebaki wiki tatu za plasta."

"Mimi sijui kuhesabu?"

Nelius hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Runji akapanda sukuma wiki upya, shina kwa shina, na Jumapili akapeleka gari na chakula. Lilirudi na sahani tupu, bila neno. Jumatatu kimya. Alisimama jikoni akasema, "Wewe gari, mwambie wa huko chini aliyekutuma anaomba msamaha," na gari likaenda, likarudi, hakuna lililosemwa. Alikuwa hajui kwamba mtu anaweza kuwa na kiu ya kusutwa hivyo. Alitamani hata aambiwe chai ni mbaya.

Alhamisi, siku mbili kabla ya Mutugi kuja, Nelius alitumwa Meru kikazi, arudi jioni. Mvua ilianza saa tano. Haikuwa mvua ya kunyunyiza, ilikuwa ile ya mlima, inayokuja kama mtu aliyekasirika na nyumba yako. Ilipofika saa saba Runji alichungulia na kuona lile tuta la udongo alilolazia reli kwenye kona limesombwa. Reli zilikuwa zinaning'inia hewani, nyingine zimebebwa mpaka kwenye ua. Gari, ambalo alikuwa amelitanguliza tupu, na kifuniko cha plastiki ili alijaribu, lilikuwa limelala ubavu kwenye tope, maji yanapita juu ya betri.

Chai ilikuwa tayari. Wali na ndengu vilikuwa tayari. Dawa ni saa saba. Mke wa Kithaka alikuwa sokoni, na mtu mwingine wa kike hakuwapo karibu. Runji alisimama na sinia dakika nzima akifikiria ni lipi baya zaidi, mama mkwe akose dawa, au mama mkwe amwone mkwewe amesimama mbele ya kitanda chake siku mbili kabla ya kuondoka kwa hasira. Kisha akajifunika gunia kichwani, akafunika sinia kwa sufuria, akatoka.

Alifuata njia ile ile. Hakujua kwa nini, angeweza kukatiza kwenye nyasi, lakini miguu ilikanyaga taruma kwa taruma, na pale kwenye kona ambapo hapakuwa na taruma tena alizama mpaka vifundoni. Akafika mlangoni. Akafungua kinywa aseme hodi, na hodi ikakataa kutoka. Hodi ni ya mtu. Mtu ndiye asiyetakiwa mle ndani.

Akavuta pumzi.

"Puuu," akasema. "Puu-puuu."

Mvua ilipiga mabati. Ndani redio ikapunguzwa sauti.

"Nani huyo?"

"Puuu."

Maji yakaanza kumwingia Runji mgongoni. Halafu sauti ikaja, taratibu, kama mtu anayepima kila neno kabla ya kuliweka chini.

"Ni gari?"

"Puuu."

"Ngoja nijifunike." Blanketi zikasikika. "Haya, ingia. Tangu lini gari likabisha?"

Runji akageuka, akausukuma mlango kwa kisigino, akaingia kinyumenyume. Macho yake aliyaweka sakafuni, kwenye zile reli mbili zilizopinda za Nelius, akarudi hatua moja, ya pili, ya tatu, mpaka kisigino kikagonga kibao cha mwisho wa njia. Hapo kulikuwa na kigoda. Akachuchumaa, akapitisha sinia nyuma ya mgongo wake, likatua. Chai haikumwagika. Akasimama akiangalia mlango, maji yanamtiririka.

Akasikia sufuria likifunuliwa. Akasikia kijiko. Akataka kuondoka, lakini gari haliondoki mpaka lirudishwe, na yeye hakuwa amerudishwa. Basi akangoja. Alisikia vidonge vikitolewa kwenye karatasi, kimoja, viwili, na maji yakinywewa, na hapo mabega yake yakashuka yenyewe.

"Wewe gari," Mama Mutugi akasema nyuma yake.

Runji akakaza macho mlangoni.

"Mimi nina vijana watatu. Mutugi ndiye mkubwa. Nimewasomesha wote kwa viazi na maziwa, na ni watoto wazuri, sisemi. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniletea chai mpaka kitandani. Jua likiwaka hawajaniletea, sembuse mvua hii." Kijiko kikagonga sahani. "Siku ile ya wale watu nilikasirika sana. Bado nimekasirika. Hiyo usimfiche. Mwambie yule wa kofia nikimwona atanitambua."

Akanywa chai.

"Lakini mwambie aliyekutuma, Mutugi akija Jumamosi atakunywa chai, atasalimia watu, na atarudi peke yake. Plasta yangu itatolewa hapa hapa Embu. Umesikia? Usiende ukasahau njiani."

Runji alikuwa amesikia. Alikuwa na maneno mengi sana, ya miaka kumi na tisa, na yote yalikuwa ya mtu, hakuna hata moja lililokuwa la gari. Akafungua kinywa apige honi. Ikatoka imepasuka katikati, nyembamba, imelowa, haikufika hata mlangoni.

"Honi imeingia maji," mama mkwe akasema. "Nenda ukaote moto."

Na ncha ya gongo ikamgusa mgongoni, ikamsukuma kidogo, na gari likaondoka.